Mdudu huuma mara moja, kucha huuma usiku kucha

Machi 1858, Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Alikuwa amemwacha mwenzake, Richard Burton, huko Ujiji akiwa mgonjwa, naye akaenda kutafuta jahazi la kukodi ng'ambo ya ziwa. Usiku mmoja, wakiwa kisiwani, dhoruba ikavuruga hema lake. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake, na mwanga ule ukaita kundi la mbawakawa wadogo weusi. Mmoja akamwingia sikioni akaanza kuchimba. Speke alijaribu kumimina siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Basi akachukua kisu cha mfukoni, akaingiza ncha yake sikioni.

Mdudu alikufa, lakini sikio nalo likajeruhiwa. Lilitunga usaha, uso ukavimba na kupinda upande mmoja, akashindwa kutafuna akawa anaishi kwa mchuzi. Usikivu wa sikio lile ukaharibika, na miezi kadhaa baadaye bado vipande vya yule mdudu vilikuwa vikitoka pamoja na nta.

Mimi natibu watoto Kigoma, kwenye mwambao wa ziwa hilo hilo, na kila nikikumbuka kisa hicho huwaona wagonjwa wangu. Mtoto haletwi kwangu siku aliyoumwa. Huletwa siku ya tano au ya kumi, na mara nyingi kinachomsumbua si mdudu tena. Ni kucha zilizokuna, pini iliyochokonoa, mafuta ya taa yaliyopakwa, au homa iliyoachwa ikangojewa ipite yenyewe. Mdudu huuma mara moja akaenda zake. Makala haya yanahusu saa na siku zinazofuata, kwa sababu hizo ndizo zilizo mikononi mwetu.

Kwa nini mtoto avimbe kuliko wewe

Mbu, kiroboto au kunguni anapouma hutema mate kidogo ndani ya ngozi ili damu isigande wakati ananyonya. Mwili hauyatambui mate hayo, hivyo huyapiga vita, na vita hiyo ndiyo uvimbe, wekundu na muwasho tunaouona. Mtu mzima ameshaumwa mara elfu na mwili wake umezoea. Mtoto wa miaka miwili au mitatu bado ni mgeni. Ndiyo maana mnalala chumba kimoja, mnaamka asubuhi, wewe una kidoa kidogo na yeye ana kivimbe kama harage.

Kuna watoto ambao hali hii huwaendea mbali zaidi. Hutoka vipele vigumu vinavyowasha miguuni, mikononi na kiunoni, vikipona hivi vinaibuka vingine, na vya zamani huamka upya mtoto akiumwa hata mara moja. Mama huja akiwa na hofu kwamba damu ya mtoto imechafuka au kuna chakula kinamdhuru. Mara nyingi hapana. Ni mzio wa kuumwa na wadudu, huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na kumi, na wengi huuacha wanapokua. Dawa yake kubwa ni kumtafuta mdudu mwenyewe: anika godoro juani na kagua mishono yake, fua mashuka na blanketi kwa maji ya moto, na angalia kama paka, mbwa au kuku hulala karibu na mtoto.

Kwa kipele cha kawaida, mambo ni mepesi. Osha kwa maji safi na sabuni. Weka kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika kumi, muwasho utapungua. Losheni ya kalamini ya duka la dawa inafaa. Muwasho ukimnyima mtoto usingizi, mhudumu wa afya anaweza kumpa dawa ya mzio kama setirizini kulingana na umri na uzito wake. Usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili promethazini, hata kama jirani anakusifia jinsi inavyomlaza mwanawe: kwa mtoto mdogo kiasi hicho inaweza kudhoofisha upumuaji.

Kisha kata kucha. Nalisema hili kila siku na wazazi wengi hulichukulia kama neno la adabu tu, kumbe ni tiba. Chini ya kucha za mtoto anayecheza mchangani mna bakteria wa kutosha kugeuza kipele kuwa kidonda. Ngozi ikichanika, hutoka majimaji, halafu gamba la rangi ya asali, halafu vidonda vinahamia puani, mdomoni na kwa mdogo wake wanayelala pamoja. Baadhi ya bakteria hao wana hila nyingine: wiki tatu hivi baada ya vidonda kuanza, mtoto anaweza kuamka na uso uliovimba machoni na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hapo figo zimeshambuliwa. Safari hiyo yote ilianza na kipele cha mbu.

Kwa hiyo usipake dawa ya meno, wala mafuta ya taa, wala maji ya betri, wala majivu. Mawese ni neema yetu Kigoma, lakini juu ya kidonda kibichi hukamata vumbi. Na jihadhari na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa jina la dawa ya ngozi ya aina zote. Nyingi zina steroidi kali. Muwasho hupotea siku mbili, lakini zikitumiwa muda mrefu ngozi ya mtoto huwa nyembamba, na ugonjwa uliokuwa wazi hujificha.

Mbu wa usiku na neti iliyokwenda ziwani

Katika uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea vya malaria Tanzania Bara walikuwa kama 7 katika kila 100. Mkoa wa Kigoma walikuwa 24, na hakuna mkoa uliotupita. Anayeishi hapa haoni ajabu. Mvua huanza kwetu Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Mei. Kuna majaruba ya mpunga bonde la Luiche, kuna mashimo ya udongo wa matofali nyuma ya nyumba, na kila shimo lililotuama maji juani linatosha kulea mbu.

Mbu wa malaria huuma usiku, hasa nyakati ambazo watu wamelala. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kimeokoa watoto wengi kiasi hicho: mtoto yuko ndani, na mbu akigusa nyavu hufa au huondoka. Mama mjamzito hupewa chandarua anapoanza kliniki, na mtoto hupewa chake anapofikisha miezi tisa, siku ya chanjo ya surua. Usiiruke siku hiyo. Ukikifua, tumia sabuni ya kipande na maji ya kawaida, kisha kianike kivulini, kwa sababu jua kali huua dawa. Wakati wa kulala kiingize chini ya godoro au mkeka pande zote, na tundu ukiliona lishone siku hiyo hiyo.

Liko jambo ambalo sisi wa ziwani tunalijua lakini hatupendi kulitaja mbele ya wageni. Utafiti wa mwambao wa Ziwa Tanganyika uliochapishwa mwaka 2014 uliuliza kaya kuhusu vyandarua, na zaidi ya nane katika kila kumi zilikuwa zimevitumia kuvua. Simlaumu mvuvi ambaye hana nyavu na watoto wanalala njaa. Lakini hesabu yake ni hasara mara mbili. Tundu la chandarua ni dogo mno, hukokota mpaka vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa dagaa na migebuka ya kesho. Na usiku huo huo mtoto amelala wazi. Kama ni lazima chandarua kitumike kwa kazi nyingine, basi kiwe kile kilichokwisha kabisa, na hata hicho kisiingie ziwani kwa sababu kina sumu kwa samaki.

Kabla ya kulala ziko saa mbili tatu za hatari ndogo. Nenda mwalo wa Kibirizi au Katonga jioni, utaona watoto wakicheza matumbo wazi huku baba zao wakiandaa karabai na mitumbwi. Mvalishe mtoto nguo ya mikono mirefu na suruali magharibi ikiingia. Dawa za kufukuza mbu za kupaka zenye DEET zinafaa kwa mtoto aliyezidi miezi miwili, ila apake mtu mzima, kidogo, bila kugusa macho, mdomo wala viganja, na zioshwe akiingia kulala. Kwa mtoto mchanga, neti peke yake inatosha.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Vimelea vya malaria huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne, mara nyingine pungufu kidogo, kabla ya homa kuanza. Kipele unachokiona leo hakina uhusiano na homa ya leo. Kwa hiyo usikague ngozi ya mtoto ukasema hajaumwa. Mtoto wa Kigoma akichemka, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo achomwe kidole kwa kipimo cha haraka, na akikutwa na malaria amalize dawa mseto yote hata kama siku ya pili anacheza. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimfukize moshi, mbebe uende. Degedege la homa ya malaria halina saa ya kungoja mganga.

Funza, mgeni wa mwaka 1872

Watu wengi hudhani funza ametukuta hapa tangu enzi na enzi. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wenye funza, na kutoka hapo akapanda miguu ya wapagazi na askari wa misafara. Haikutimia miaka thelathini alikuwa amevuka bara zima hadi Bahari ya Hindi. Wasafiri Stanley na Livingstone walipokutana Ujiji mwaka 1871, pale chini ya mwembe, hakuna mtoto wa mji huo aliyekuwa akichechemea kwa ajili ya funza. Ugonjwa uliokuja juzi unaweza kuondoka.

Bibi mmoja wa Ujiji aliniletea mjukuu wake wa miaka mitano. Vidole vitano vya miguu yake vilikuwa na vivimbe vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati, na kisigino kimoja kilikuwa kimechimbuka. Nilimuuliza anawatoaje. Akafungua pindo la kanga, akatoa pini. "Hii hii, mwanangu. Ndiyo niliyowatolea mama yake." Nikamuuliza nayo huwatumikia wangapi nyumbani. Akafikiri, akahesabu kwa vidole: wajukuu wanne na yeye mwenyewe.

Funza ni kiroboto asiyefika milimita moja. Jike huingia kwenye ngozi, akabaki na ncha ya nyuma nje kwa ajili ya kupumua na kutaga, ndiyo ile nukta nyeusi. Ndani ya wiki mbili hivi huvimba akawa kama punje ya njegere, humwaga mayai ardhini, kisha baada ya wiki nne hadi sita hufia hapo hapo. Pini ikimpasua, nusu yake hubaki ndani na kuoza. Pini hiyo hiyo ikipita kwa watoto wanne, huweza kubeba homa ya ini na virusi vya ukimwi kutoka mguu hadi mguu, na kuingiza pepopunda.

Dawa bora tuliyo nayo ni mafuta ya dimetikoni yenye wepesi wa kupenya. Yakidondoshwa juu ya ile nukta nyeusi humziba pumzi akafia ndani, na ngozi humsukuma nje yenyewe bila kuchokonolewa. Yalipimwa kwa watoto wa magharibi ya Kenya na kufanya kazi vizuri. Kama hayapatikani, funza wachache wanaweza kutolewa na mhudumu wa afya kwa kifaa kilichochemshwa, kidonda kikasafishwa, na chanjo ya pepopunda ikahakikiwa. Kinga ni ya kila siku: miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni na kukaguliwa kwenye mwanga, sakafu ya udongo inyunyizwe maji na isifagiliwe kikavu, mbuzi, nguruwe na mbwa wasilale ndani. Huko Madagascar, losheni yenye mafuta ya nazi iliyopakwa miguuni mara mbili kwa siku ilizuia funza vizuri kuliko viatu peke yake. Na tafadhali, mtoto mwenye funza asichekwe shuleni. Aibu ndiyo inayomfanya afiche miguu mpaka ashindwe kutembea.

Homa inayokwenda na kurudi

Njia ile ile ya misafara, kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji na kuvuka ziwa hadi Maniema, ilikuwa njia ya papasi. Papasi hakai kwenye majani kama kupe wa ng'ombe. Hukaa kwenye nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu, hutoka usiku, hunyonya nusu saa hivi bila aliyelala kuhisi, akarudi ufani. Mwaka 1905 daktari John Everett Dutton, akichunguza homa ya papasi Kasongo, ng'ambo ya ziwa letu, aliambukizwa akafa nayo. Yeye na mwenzake walikuwa wamethibitisha kwamba papasi ndiye anayeibeba.

Homa hii huja kali siku kadhaa, huondoka kana kwamba mtoto amepona, kisha hurudi baada ya wiki hivi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Kwa hiyo mtoto mwenye homa ya namna hiyo, anayelala chini kwenye nyumba ya udongo, mwambie mhudumu neno hili waziwazi: "Nyumbani kuna papasi." Atachukua damu wakati homa imepanda na kuitazama kwa darubini. Hutibika kwa antibayotiki za kawaida, ila dozi ya kwanza itolewe kituoni mtoto akiangaliwa, kwa sababu homa inaweza kupanda ghafla saa chache baadaye. Kuta zikisiribwa na mtoto akalala kitandani mbali na ukuta, papasi hupungua.

Kwa familia za Kasulu, Kibondo na Uvinza zinazopakana na misitu, kuna mbung'o. Huyu huuma mchana, huuma kwa maumivu, na hupenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Mtoto anayefuatana na wakubwa kuchunga, kurina asali au kukata kuni avae nguo nene za rangi ya udongo. Akitokewa na kidonda kilichovimba mahali alipoumwa, kikafuatiwa na homa na kuumwa kichwa, taja mbung'o hospitalini. Ugonjwa wa malale anaoueneza ukiwahiwa hutibika.

Nyuki, siafu na nguo za kambani

Nyuki akimchoma mtoto huacha mwiba wenye mfuko wa sumu unaoendelea kusukuma. Usitafute kibanio wala kisu cha kukwangulia. Utoe kwa kucha, kwa namna yoyote, mradi uutoe upesi. Kisha maji ya baridi. Mtoto aliyechomwa na nyuki wengi apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu sumu iliyojumlika hudhihirika baadaye.

Siafu hutembea msimu wa mvua, na mtoto mchanga hawezi kuwakimbia. Usimlaze peke yake mkekani, chini ya mti au jikoni. Wakimvamia, mtoe eneo hilo kwanza, mvue nguo, ndipo uwabandue mmoja mmoja.

Yuko pia inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, hasa nepi za vitambaa zilizotandazwa chini au kivulini. Mayai huanguliwa, buu huingia ngozini, na hutokea kitu kama jipu lenye tundu dogo katikati ambalo ukilitazama kwa subira utaona linacheza. Usilikamue. Paka mafuta mazito ya mgando yazibe tundu. Buu hukosa pumzi na kujitokeza, hapo hutolewa mzimamzima. Kinga yake ni pasi ya mkaa: piga pasi nguo za mtoto pande zote mbili, na usiache mishono.

Na mdudu akiingia sikioni kama kwa Speke, mlaze mtoto sikio likiwa juu, dondosha mafuta ya kula ya uvuguvugu yamuue, kisha nenda kituo cha afya akatolewe. Kama sikio lina historia ya kutoa usaha au ngoma yake ina tundu, usitie kitu, nenda moja kwa moja. Njiti ya kiberiti na pini vikae mbali.

Usingoje asubuhi

Mtoto aliyeumwa au kuchomwa akivimba midomo au ulimi, akikohoa na kupumua kwa mluzi, akatapika mfululizo, akalegea au kutokwa vipele mwili mzima ndani ya dakika chache, huo ni mzio mkali. Anahitaji sindano ya adrenalini upesi. Mlaze chali, miguu juu, isipokuwa kama anapumua kwa shida, na usafiri utafutwe hapo hapo. Nenda pia bila kungoja kama wekundu unasambaa kuzunguka kidonda, kama kuna usaha na homa, kama mkojo umebadilika rangi, au kama mtoto hanyonyi, hali, au haamki vizuri.

Yule bibi wa Ujiji nilimtembelea baada ya wiki tatu. Jioni ilikuwa imeingia. Mlangoni palikuwa na beseni la maji, kipande cha sabuni na ndala jozi nne, na mjukuu mkubwa alikuwa akimshika mdogo mguu huku bibi akimulika tochi ya simu. Nilichungulia chumbani. Chandarua kilikuwa kimeshushwa, na mahali pamoja kilipochanika kilikuwa kimebanwa kwa pini. Ilikuwa ile ile ya kwenye kanga. "Kesho natafuta uzi," akaniambia. "Leo imetosha."